Kutu, Chuma na Motokaa Kuukuu

Wahenga walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nami sioni kitu ambacho methali hii hukifaa zaidi kuliko chuma. Chuma huliwa na hewa ileile na maji yaleyale yanayotuweka sisi hai. Huliwa kimyakimya, chini ya rangi inayong'aa, hata siku moja mwenye mali akabonyeza kwa kidole, na kidole kikapenya.

Katika insha hii nataka kueleza habari za motokaa moja kuukuu, Land Rover ya mwaka 1954, niliyoirithi kwa marehemu baba mdogo, na jinsi nilivyojifunza kuzitengeneza nyumbani sehemu zake zilizoliwa na kutu. Lakini hizi si habari za ufundi peke yake. Katika kuikwangua kutu ile nilikuta historia imelala chini ya rangi, na nilikaribia kuifuta kwa mikono yangu mwenyewe bila kujua. Ndiyo maana nimeona yafaa habari hizi ziandikwe kwa ajili ya vijana wasomao historia.

Yatupasa kwanza tujue kutu ni nini. Chuma hakichimbwi ardhini kikiwa chuma kitupu. Hupatikana katika mawe na mchanga, nacho kimeshikamana na oksijeni, ile sehemu ya hewa inayotuwezesha kupumua. Wahunzi wa Afrika ya zamani walilijua jambo hili kwa mikono yao, ingawa hawakuliandika vitabuni. Wakikuyu waliosha mchanga wa chuma mitoni, wakaukausha juani, wakauchoma kwa makaa huku wakipuliza mivukuto. Wahaya, wakaao magharibi ya Ziwa Viktoria, walijenga tanuri zenye joto kali mno, hata zikaweza kutoa chuma cha pua. Kazi ya moto na makaa ilikuwa ni kuiondoa ile oksijeni na kukiacha chuma peke yake.

Basi kutu ni safari ya kurudi. Chuma kikikutana na hewa na maji, hushikamana tena na oksijeni iliyoondolewa na mhunzi, kikageuka unga mwekundu unaofanana na udongo kilikotoka. Chumvi huiharakisha safari hiyo, na kwa sababu hiyo motokaa iliyokaa Mombasa karibu na bahari huoza upesi kuliko ile iliyokaa Nakuru. Tena kutu haikingi kilichobaki. Aluminiamu ikiguswa na hewa hufanya ngozi nyembamba iliyo ngumu, na ngozi hiyo huzuia hewa isiingie zaidi. Lakini kutu ya chuma huvimba, hupasuka na kubanduka, ikaacha mlango wazi kwa maji ya kesho. Kwa hiyo chuma kilichoanza kuliwa, kisipotibiwa, kitaliwa chote.

Watu wametafuta dawa ya ugonjwa huu kwa muda mrefu. Mwaka 1837 mhandisi mmoja wa Ufaransa, Stanislas Sorel, alipata hati ya uvumbuzi wa kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka. Zinki hukifunika chuma, na hata inapokwaruzwa, huliwa yenyewe kwanza kabla ya chuma. Mabati yaliyoezekwa juu ya nyumba zetu nyingi ni matunda ya uvumbuzi huo. Mtu aweza kushangaa, basi, kwa nini watengenezaji wa motokaa hawakutumia dawa hiyo tangu mwanzo. Jibu liko katika historia ya motokaa yenyewe.

Karl Benz, Mjerumani, alipopata hati ya uvumbuzi wa motokaa yake mwaka 1886, chombo hicho kilikuwa na magurudumu matatu na hakikuwa na bati la kufunika abiria. Motokaa zilizofuata zilijengwa kama magari ya farasi. Chini palikuwa na chasisi ya chuma kinene, na juu yake mwili wenye mifupa ya mbao iliyovikwa bati. Ford Model T, zilizotengenezwa zaidi ya milioni 15 baina ya mwaka 1908 na 1927, zilianza kwa namna hiyo. Mwili ukiharibika, fundi aliweza kuuondoa na kuweka mwingine, na chasisi ikaendelea na kazi. Baadaye wahandisi walitaka motokaa nyepesi zaidi. Katika Lancia Lambda ya Italia ya mwaka 1922, na katika Citroën ya Ufaransa ya mwaka 1934, chasisi ya peke yake iliachwa, na mwili wenyewe ukapewa kazi ya kubeba uzito wote. Njia hii ilienea karibu duniani kote. Tangu hapo kutu haikuwa tena aibu ya macho tu, maana bati lililooza lilikuwa ndilo mfupa wa motokaa, na mfupa ukivunjika njiani, watu hufa. Hata hivyo zinki ilikuwa ghali, na wanunuzi walitaka motokaa rahisi. Ilikuwa mwaka 1975 ndipo kampuni ya Porsche ilipoanza kutengeneza miili ya motokaa zake kwa chuma kilichopakwa zinki.

Land Rover ilizaliwa katikati ya mambo hayo, tena kwa sababu ya njaa ya chuma. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa imechoka na ina madeni makubwa. Chuma kiligawanywa kwa kipimo, na viwanda vilivyoahidi kuuza bidhaa nchi za nje ndivyo vilivyopewa fungu kubwa. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, nchini Wales, na humo alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki kutoka vitani. Aliona kwamba mkulima angefaidika na chombo cha namna hiyo, chenye nguvu katika magurudumu yote manne. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu na aluminiamu ilipatikana, iliamuliwa kwamba mabati ya nje yatengenezwe kwa aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine. Chombo hicho kilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948.

Watu wengi husema kwamba Land Rover haishiki kutu. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoikagua yangu. Ukweli ni kwamba aluminiamu ni nguo tu, na mifupa ni ya chuma. Chasisi yake ni kama masanduku marefu ya chuma yaliyo wazi ndani, na tope likiingia humo hukaa na unyevu wake kwa miezi mingi. Chuma vilevile ni ule ukuta uliosimama baina ya injini na miguu ya dereva, pamoja na sehemu ya kuwekea miguu iliyo chini yake. Zaidi ya hayo, pale aluminiamu inapogusana na chuma nayo maji ya chumvi yakaingia kati, aluminiamu huanza kuliwa na kugeuka unga mweupe. Kwa hiyo motokaa inaweza kuonekana nzima kwa nje, kumbe ndani imekwisha.

Hapa Kenya Land Rover ilifika upesi, na ilitumiwa na walowezi, mabwana shamba, madaktari wa mifugo, wamisionari na maofisa wa serikali ya kikoloni. Yangu, kwa mujibu wa kitabu chake cha usajili, ilikuwa kwanza mali ya Serikali. Baba mdogo aliinunua mnadani mwaka 1967. Kwa miaka mingi ilibeba maziwa, mbegu, wagonjwa, mabibi harusi na majeneza ya kijiji chetu. Alipozeeka iliwekwa chini ya mti, na kuku wakataga mayai juu ya viti. Alipofariki ilikuwa haijawashwa kwa miaka kumi na minne.

Niliianza kazi kwa haraka na kwa ujinga, na sioni haya kuusema ujinga huo ikiwa utamfaa mwingine. Niliona matundu mawili penye miguu ya dereva. Nikayakwangua kidogo juujuu, nikayajaza ule udongo mgumu ambao mafundi huuita fila, nikaulainisha, nikapaka rangi ya kijani. Kwa muda wa wiki chache palipendeza mno, na wageni walinisifu. Zikaja mvua za masika. Mwezi Mei rangi ilivimba kama ngozi iliyoungua, na siku niliyoikanyaga kwa nguvu, fila yote ilianguka chini pamoja na chuma kilichokuwa kikiishikilia. Mguu wangu ulifika nje. Hapo nilikumbuka kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nikajua pia kwamba kuuziba ufa kwa uongo ni kubaya kuliko kuuacha wazi, maana ufa ulio wazi huonekana.

Nilianza upya, safari hii kwa utaratibu, nikisaidiwa na fundi wa jua kali aliye jirani yetu. Kanuni aliyonifundisha ni moja: utafute chuma kizima kwanza. Alichukua nyundo ndogo, akagonga bati kidogo kidogo kutoka katikati ya shimo kwenda nje. Palipooza palitoa sauti nzito isiyo na mwangwi, na chuma kizima kililia. Pale kilipoanza kulia, akachora mstari kwa chaki. Yote yaliyokuwa ndani ya mstari yalikatwa, hata yale yaliyoonekana mazuri. Kisha tulikata kipande cha bati jipya cha unene uleule, tukakikunja kwa nyundo juu ya ubao mpaka kikalingana, naye akakichomelea kwa umeme. Kazi ya kuchomelea hatukuifanya mpaka tangi la petroli liwe limeondolewa na kuwekwa mbali, na ndoo ya mchanga kuwa karibu.

Sehemu ndogo, kama bawaba za milango, boliti na mabano ya kushikilia mabati, nilizitengeneza mwenyewe kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni ya mkono: tupa, burashi ya waya na msasa. Neno hili msasa lina historia yake. Msasa ni mti wenye majani makavu yanayokwaruza, na mafundi wa seremala waliyatumia kulainisha mbao kabla ya karatasi ya dukani kufika. Karatasi ilipokuja ilirithi jina la jani. Njia ya pili ni siki. Kipande kidogo kikilazwa katika siki usiku mmoja au mbili, asidi iliyomo hulegeza kutu. Lakini lazima kioshwe vizuri na kukaushwa mara moja, kwa kuwa asidi ikibaki itakila chuma chenyewe.

Njia ya tatu ndiyo iliyonistaajabisha, maana ilinirudisha kwenye habari za wahunzi. Huhitaji beseni la plastiki, maji, chaja ya betri, na magadi. Magadi yetu hutoka katika ziwa liitwalo kwa jina hilo, kusini ya Nairobi, na yamekuwa yakichimbwa kwa biashara tangu zamani za ukoloni. Nilitia kijiko kimoja cha magadi katika kila lita nne za maji. Bawaba yenye kutu niliifunga kwenye waya wa hasi, na kipande cha chuma kikuukuu nikakifunga kwenye waya wa chanya, nikaviacha viwili hivyo bila kugusana. Chaja ilipowashwa, mapovu madogo yalianza kupanda kutoka kwenye bawaba. Baada ya saa kadhaa kutu ile nyekundu ilikuwa imegeuka tope jeusi lililotoka kwa burashi. Mkondo wa umeme ulifanya sehemu ya kazi iliyofanywa zamani na makaa ya mhunzi, na mapovu nayo yaliibandua kutu iliyobaki.

Anayetaka kujaribu njia hii ajue hatari zake. Yale mapovu ni haidrojeni, hewa inayoweza kulipuka. Kwa hiyo kazi hii hufanywa nje au mahali penye upepo, bila moto wala sigara, na chaja huzimwa kabla ya kugusa nyaya. Kwenye waya wa chanya kusiwekwe kabisa kile chuma kisichoshika kutu kinachotengenezewa vijiko na sufuria, kwa sababu umeme waweza kutoa sumu ndani yake. Wala aluminiamu isitiwe katika maji hayo, kwani magadi huila. Tena rangi za zamani aghalabu zilikuwa na risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo rangi kuukuu haisuguliwi ikiwa kavu. Huloweshwa maji, na mfanyakazi huvaa miwani, glavu na barakoa. Chuma kikisha kusafishwa hakiachwi hata usiku mmoja. Hupakwa siku hiyohiyo rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi za juu baada ya ile kukauka.

Ilikuwa katika kuilowesha na kuisugua rangi ya mlango wa kushoto ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitazamia. Chini ya kijani cha baba mdogo palikuwa na rangi nyeupe. Chini ya nyeupe palikuwa na kijivu. Pembeni mwa sehemu niliyosugua, tabaka zile zilionekana kama miviringo ya mti uliokatwa. Nilifurahi kama mtoto, nikamwita jirani yetu, bibi mwenye zaidi ya miaka themanini, aje aone jinsi motokaa ilivyokuwa na umri mwingi.

Alipouona ule mlango hakufurahi. Aliutazama kwa muda, akaweka kiganja juu ya kijivu kile, akakiondoa upesi.

"Rangi hii naijua, mjukuu wangu," akasema. "Magari ya namna hii ndiyo yaliyokuwa yakija wakati wa msako. Tulisikia mlio wake kabla hayajavuka mto, na mama alizima moto."

"Nyanya," nikamwuliza, "ni gari hili lenyewe?"

"Nitajuaje? Sisi tulikuwa chini ya kitanda."

Hakusema mengi zaidi siku ile. Lakini msomaji wa historia anajua aliyokuwa akiyasema. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, nayo haikuondolewa mpaka Januari 1960. Tangu mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walilazimishwa kuyaacha makazi yao, wakahamia katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge, wasitoke usiku. Maelfu walifungwa vizuizini bila kufikishwa mahakamani. Sina ushahidi kwamba motokaa yangu ilibeba hata mfungwa mmoja, na mwanafunzi wa historia hapaswi kusema asichokuwa na ushahidi nacho. Ninachoweza kusema ni kwamba ilikuwa ya Serikali, ilikuwa ya mwaka ule, na rangi yake ya chini ilimfanya bibi mmoja auondoe mkono wake.

Kazi ilisimama kwa wiki tatu. Nia yangu ya kwanza ilikuwa kuondoa rangi yote mpaka kwenye bati, kisha kuipaka upya motokaa nzima iwe kama ilivyotoka kiwandani. Wengi wapendao motokaa za zamani hufanya hivyo, na katika maonyesho yafanywayo Nairobi tangu mwaka 1970 huonekana motokaa zinazong'aa kana kwamba zimezaliwa jana. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini motokaa yangu ikirudishwa siku ya kiwandani, yote iliyoyapitia baada ya siku hiyo yatafutika: kijivu cha Serikali, nyeupe ya mwenye kuifuata, kijani cha baba mdogo, na alama za mikebe ya maziwa. Kwa upande mwingine, nikiiacha kama ilivyo kwa kuiheshimu historia yake, kutu itaila historia hiyo pamoja na mlango. Kutu haina haja na kumbukumbu zetu.

Katika mashaka hayo nilisoma habari za Land Rover nyingine, maarufu kuliko yangu. Mwaka 1955 wanafunzi sita wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waliondoka London kwa Land Rover mbili, wakavuka Ulaya na Asia, wakafika Singapore mwezi Machi 1956. Motokaa moja waliiita Oxford, na nyingine Cambridge. Cambridge baadaye ilipotea katika bonde huko Iran. Oxford nayo ilipelekwa katika kisiwa cha Ascension pamoja na watafiti wa ndege, kisha ikafika St Helena, kisiwa kilicho peke yake katika Bahari ya Atlantiki. Huko ilichakaa katika upepo wa chumvi kwa miaka mingi. Mwaka 2017 ilirudishwa Uingereza, ikatengenezwa upya Yorkshire. Mwezi Agosti 2019 ikaondoka Singapore kurudi London. Tim Slessor, mmoja wa wale sita, alikusudia kusafiri nayo katika uzee wake, lakini aliugua, na mjukuu wake akashika nafasi yake. Walifika London mwezi Desemba.

Nilipoyasoma hayo nilijiuliza: motokaa ile iliyorudi ndiyo ileile iliyokwenda? Swali hili ni la kale, na Wagiriki waliliuliza juu ya jahazi lililobadilishwa mbao moja baada ya nyingine. Sidhani kwamba lina jibu moja. Lakini lilinisaidia kuona kwamba sehemu za motokaa hazina kazi moja. Ziko zinazobeba uhai wa watu, nazo ni breki, usukani, chasisi, na bati la kukanyagia. Hizi lazima ziwe nzima, na zikiwa zimeoza zibadilishwe bila kuonewa huruma, hata kama ni za asili. Ziko nyingine zinazobeba kumbukumbu, na hizo ziachwe kadiri inavyowezekana, zitibiwe kutu tu, zisifanywe mpya.

Kwa kanuni hiyo nilimaliza. Chasisi niliikatia sehemu zilizooza nyuma, zikachomelewa mpya, kisha ndani yake nikamimina mafuta mazito ya kuzuia maji. Sehemu zote za miguu ni bati jipya. Nje nilipaka kijani cha baba mdogo, kwa kuwa ndicho kijiji chetu kilichokijua kwa muda mrefu kuliko rangi nyingine. Lakini upande wa ndani wa mlango wa kushoto niliacha mahali penye ukubwa wa daftari, pasipakwe kitu. Hapo tabaka zote tatu zaonekana, kijani, nyeupe na kijivu, nami nimezifunika kwa vanishi isiyo na rangi ili hewa isiingie. Tena nimeandika katika daftari kila kipande nilichokibadilisha, tarehe yake, na hali niliyokikuta nayo, ili atakayeirithi baada yangu asidanganyike kwamba bati la mwaka huu ni la mwaka 1954.

Siku ilipowaka na kutembea, nilimpitia yule bibi nyumbani kwake. Alikataa kuingia. Nilidhani nimekosa, nikaanza kuomba radhi. Akasema hapana, nisubiri. Aliingia ndani, akatoka amevaa kitambaa kizuri cha kichwa, akauzunguka upande wa kushoto, akaufungua ule mlango mwenyewe. Alikitazama kile kijivu mara moja tu. Kisha akaketi, akaniambia nimpeleke sokoni, na njiani akanisimulia kwa utaratibu, kwa majina na kwa mahali, habari za kijiji chao cha seng'enge ambazo wajukuu wake hawajapata kuzisikia. Jioni ile niliziandika katika daftari lilelile.

Enyi vijana, si kila mmoja wenu atarithi motokaa. Lakini katika nyumba zenu kuna cherehani, jembe, kinu cha kusagia, redio au sanduku la bati lililoanza kushika kutu. Msiharakishe kulitupa, wala msiharakishe kulipaka rangi. Ulizeni kwanza lilikuwa la nani, lilifika lini, na lilifanya kazi gani, kisha yaandikeni majibu mkiwa bado mna wa kuwauliza. Baada ya hapo chukueni msasa.